Bibi anajifunika blanketi chini, wajukuu wanalala vigaeni juu

Simu ilikuja wiki ya kwanza ya Februari, katikati ya kaskazi. Mama mwenye nyumba moja ya ghorofa mbili Mbezi Beach, Dar es Salaam, alitaka nimpe bei ya kufunga kiyoyozi cha BTU 24,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) ghorofa ya juu kabisa. Kilichopo ni cha BTU 18,000, na kwa maneno yake "kimechoka". Nikamwambia bei ya mashine naweza kuitaja sasa hivi, ila joto lake linatoka wapi sijui mpaka nifike.

Nilifika saa moja usiku, kwa makusudi. Nyumba ya ghorofa ukiikagua saa nne asubuhi, joto lake bado halijaamka.

Sebuleni chini nilimkuta bibi, mama yake baba mwenye nyumba, ameketi kwenye kochi karibu na ngazi, kajitanda kanga mbili na blanketi jepesi limefunika miguu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Waambie wapunguze hiyo baridi. Magoti yananiuma."

Kiyoyozi cha sebule ile kilikuwa kimezimwa. Nikavua viatu, nikakanyaga vigae: baridi kweli. Nikapanda ngazi. Ghorofa ya kwanza hewa ilikuwa ya kawaida, nzito kidogo. Ghorofa ya pili watoto wawili walikuwa wametandika mkeka vigaeni, vichwa vyao vimeelekea mlango wa balconi, na kiyoyozi kinanguruma juu yao. Remoti ilionyesha 16. Kipimajoto changu kilisema 30.

Nyumba moja, usiku mmoja, umeme mmoja: chini mzee anatetemeka bila kiyoyozi, juu watoto wanatokwa jasho chini ya kiyoyozi. Nilijua hapo hapo kwamba mashine kubwa zaidi haitakuwa jibu. Ila kujua si kuthibitisha, na mtu aliyeamua kununua mashine hastahili kuzuiwa kwa hisia za fundi.

Nianze na nyumba yenyewe, kwa sababu mtindo wake umeenea sana Dar sasa na nadhani wengi watajiona humu. Ni nyumba ya paa la kuficha. Kuta zimepandishwa kupita usawa wa bati pande zote nne, kwa hiyo ukiwa barabarani huoni paa, unaona umbo la boksi safi. Nawaelewa wanaoupenda, macho hupumzika ukiutazama. Lakini unaondoa vitu viwili ambavyo mafundi wa zamani wa pwani hawakuviacha: upenu, unaolikinga dirisha na ukuta na jua, na nafasi kubwa ya hewa kati ya bati na dari. Hapa bati lilikuwa la kijivu kilichokolea, mteremko wake mdogo. Upande wa chini wa mteremko kulikuwa na sentimita 40 tu kutoka bati hadi dari ya jipsamu. Upande wa juu kama mita moja. Hakuna tundu hata moja la kupitishia hewa. Madirisha ni ya aluminiamu ya kuteleza, mapana, matatu yakitazama magharibi. Dirisha la kuteleza hufunguka nusu tu, nusu nyingine ni kioo kimesimama juani. Ngazi imeachwa wazi kutoka chini hadi juu, bila mlango popote. Ghorofa ya kwanza ina vyumba vitatu vya kulala. Ya pili ina viwili na ukumbi wa familia, ndiko kiyoyozi kilikofungwa.

Kabla sijasema lolote, mama akanieleza kwamba mashine ilikwisha kuongezwa gesi mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Hapa lazima nisimame kidogo. Gesi ya kiyoyozi hailiwi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, mwaka hadi mwaka, ile ile. Ikipungua, pana tundu mahali. Na anayejaza bila kulitafuta tundu anatia maji kwenye pakacha. Nilipofunga geji, presha ilikuwa juu kupita kiasi, si chini. Nikaivuta gesi yote kwenye mtungi, nikasubiri mabomba yakiwa tupu nione kama yatavuja, hayakuvuja, kisha nikarudisha kwa mizani gramu zile zile zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Kulikuwa na gesi zaidi ya inayotakiwa. Mashine haikuwa na njaa, ilikuwa imevimbiwa, na familia ililipia mara mbili kuivimbisha. Jambo hili huniuma, kwa sababu mteja hana namna ya kujua.

Hata baada ya hapo presha ilibaki juu kuliko nilivyotaka, na sababu niliiona kesho yake mchana nilipopanda paani. Kile kipande cha nje, chenye kompresa na feni, kilikuwa kimewekwa juu ya paa, ndani ya zile kuta za kuficha bati, ili kisionekane na kuharibu sura ya nyumba. Kiko shimoni. Upepo haukifikii, bati linakipikia kutoka chini, na hewa ya moto kinayoitoa inagonga ukuta na kukirudia. Saa nane mchana, barazani kivulini palikuwa na nyuzi 32. Hewa iliyokuwa ikiingia kwenye koili ya mashine, yale mabomba membamba yanayotoa joto, ilikuwa nyuzi 46. Kazi ya kipande cha nje ni kutupa joto la ndani hewani. Ukikizungushia hewa ya nyuzi 46 umekiambia kitupe joto mahali ambapo tayari pamejaa joto.

Nirudi kwenye ule usiku wa kwanza, kwenye suala la bibi.

Niliomba kijiti cha udi. Katika nyumba za pwani huwa hakikosekani, na kwa kazi yangu ni kifaa kizuri kuliko vingi vya kununua. Nikakiwasha, nikasimama juu kabisa ya ngazi, nikakishusha usawa wa vifundo vya miguu. Moshi ulilala, ukafuata kidato cha kwanza, cha pili, ukateremka ngazi kama maji yanavyoteremka mferejini. Nikakipandisha usawa wa kichwa changu. Moshi ukageuka, ukaja juu, ukaingia ukumbini. Nikamwita mama aje atazame. Mito miwili katika ngazi moja: hewa baridi, ambayo ni nzito, inamwagika chini kupitia sakafuni, hewa ya moto ya jikoni na ya ghorofa ya kwanza inapanda juu yake kuziba nafasi. Na kochi la bibi liko mwisho wa mto wa baridi.

Kwa hiyo mashine haikuwa imechoka. Ilikuwa inapoza miguu ya bibi, mchana na usiku, kwa umeme wa ghorofa ya pili.

Siku ya pili nilipanda na kipimajoto cha kulenga, kile kinachosoma joto la uso wa kitu kwa mbali. Bati la kijivu saa nane mchana: nyuzi 63. Neno kwa mafundi wenzangu: bati lililopakwa rangi husomeka vizuri, lakini bati jipya la fedha humdanganya mwenye kifaa, linaonyesha ubaridi usiokuwepo, kwa sababu linatoa mng'ao mdogo wa joto lake. Ukilipima hilo, bandika kipande cha utepe mweusi ulenge hapo.

Nikashuka ndani saa kumi alasiri, nikalenga dari ya ukumbi: nyuzi 40. Hewa ya chumba: 30. Hapo hesabu inafanyika hata kwenye kiganja. Dari inayokuzidi joto kwa nyuzi moja hukumulikia na kukupa takribani wati 6 kwa kila mita ya mraba. Tofauti ni nyuzi 10, dari ina mita za mraba 110. Inakuja kilowati 6.6. Kiyoyozi cha BTU 18,000 kikiwa na afya njema huondoa kilowati 5.3 za joto. Dari peke yake ilikuwa imekwisha kukishinda. Ongeza yale madirisha matatu ya magharibi, jumla mita za mraba 8 za kioo. Jua la alasiri likiyapiga uso kwa uso huingiza karibu kilowati 4 nyingine. Kile cha BTU 24,000 alichotaka mama huondoa kilowati 7. Nacho kingeshindwa, na kwa kushindwa kwake kingemmwagia bibi baridi zaidi.

Kuna jambo la mahali tulipo ambalo wengi hawalizingatii. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua letu la mchana huwa karibu na utosi muda mrefu wa mwaka. Mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba linapita juu yetu kabisa. Ndiyo maana hapa paa ndilo ukuta mkuu wa nyumba. Ukuta wa kaskazini na wa kusini hupigwa kwa ulalo, upenu mfupi tu unatosha. Wa mashariki na wa magharibi hupigwa jua likiwa chini, na hapo hata upenu mrefu hausaidii. Katika nyumba ya ghorofa, paa linabebwa na watu wa juu peke yao. Wa chini wamefunikwa na wenzao.

Lakini sikutaka kulilaumu paa kwa kila kitu, kwa sababu malalamiko ya familia yalikuwa ya usiku. Bati ni jembamba. Jua likizama nalo hupoa upesi. Nikasubiri mpaka saa nne usiku, nikapima upya. Dari: 31. Haikuwa tena na nguvu ya kumsumbua mtu. Ukuta wa magharibi kwa ndani: 36. Ule ni ukuta wa tofali za saruji za inchi sita, umepigwa jua tangu saa nane, na joto huchukua saa nne au tano kuvuka tofali. Jua la saa kumi na moja linafika kitandani saa nne. Mtoto aliyelala ameegemea ukuta ule alikuwa ameegemea alasiri.

Basi joto la juu lilikuwa na saa zake. Mchana na alasiri ni paa na vioo. Usiku ni ukuta wa magharibi, ukisaidiwa na ngazi inayomwaga baridi. Mtu akitibu moja tu ataona nafuu nusu siku na kusema nimetapeliwa.

Niliwaketisha wote mezani, baba, mama na bibi, nikawaonyesha namba. Ushauri mwingine ulikuwa umewafikia. Mdogo wake baba anaishi Ujerumani, alituma ujumbe wa sauti: fungeni madirisha mchana kutwa, fungueni usiku. Kule ni ushauri wa dhahabu, kwa sababu usiku wa kiangazi hushuka hadi nyuzi 15 au 16, na nyumba nzito ya matofali hupoa mpaka ndani ya mifupa yake. Jengo la Eastgate la Harare, lililobuniwa na msanifu Mick Pearce na kufunguliwa 1996, linaishi kwa kanuni hiyo hiyo: hewa ya usiku hupitishwa ndani ya zege, na mchana zege huwapoza watu. Ila Harare iko juu, karibu mita 1,500 toka usawa wa bahari, usiku wake ni baridi. Dar mwezi wa Februari usiku hubaki nyuzi 25 au 26, na unyevu juu. Hakuna baridi ya kuweka akiba. Ukifunga madirisha mchana kutwa katika nyumba ambayo dari yake ni nyuzi 40, ndani patakuwa na joto kuliko barazani. Tulichukua nusu ya ushauri wake: kivuli, ndiyo, kufunga, hapana.

Baba naye alikuwa ameona feni za maji Kariakoo na alizipenda kwa sababu hazili umeme mwingi. Ni kweli hazili mwingi. Hupoza kwa kuyafanya maji yageuke mvuke, na mvuke unahitaji hewa kavu ya kuupokea. Dodoma mwezi wa Oktoba ningemsaidia kuibeba. Dar kaskazi hewa imeshashiba maji. Feni ile ingeshusha nyuzi mbili tatu na kufanya chumba kiwe kama bafu, jasho lisikauke mwilini. Na jasho kukauka ndiko kupoa kwenyewe.

Tulianza na visivyo na gharama. Usiku huo huo tulitundika blanketi zito juu ya ngazi, kutoka darini hadi sakafuni, likapigiliwa misumari kwenye ubao. Remoti tukaitoa 16 tukaiweka 26 na kuwasha pangaboi. Hili la 16 nililieleza taratibu, kwa sababu karibu kila nyumba naliona: mashine ya kawaida isiyo ya inverta, yaani isiyoweza kupunguza kasi yake yenyewe, haipozi haraka zaidi kwa kuambiwa 16. Inapoza kwa kasi ile ile, ila haitajua kusimama. Pangaboi linakula kama wati 70, na upepo wake juu ya ngozi humfanya mtu wa nyuzi 27 ajisikie kama yuko 24. Halipozi chumba hata kidogo, linapoza watu, kwa hiyo chumba kisicho na mtu lizimwe.

Asubuhi ya nne mama alinipigia. Ukumbi wa juu ulikuwa umefika 27 usiku, mara ya kwanza tangu Desemba. Na bibi alikuwa ameuliza kama wameuza AC.

Hapo wakakubali kufungua pochi kwa ajili ya paa. Kwanza nilipaka kipande cha mita moja kwa rangi nyeupe ya kuakisi jua, katikati ya bati, nikakiacha siku mbili. Saa nane mchana kijivu kilisoma 62, cheupe pembeni yake 43. Baba alipanda mwenyewe, akaweka kiganja kwenye cheupe, akakitoa, akajaribu kwenye kijivu na hakumaliza.

Paa likaoshwa kwa sabuni, kutu ikasuguliwa, likapigwa mikono miwili ya rangi. Kazi ilifanywa kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi tu, kwa sababu bati la moto hukausha rangi kabla haijashika. Tulitembea juu ya mistari ya papi, zile mbao zinazobeba bati, tusikunje bati. Wakati wa kuosha tukakuta gata la ndani, mfereji wa maji ya mvua, limepasuka, na jipsamu chini yake ina doa la maji. Hilo ni gonjwa la kawaida la mapaa haya, maji hayana pa kukimbilia ila ndani ya kuta. Ndiyo sababu sikukubali kutandaza sufi ya kioo juu ya dari kama rafiki yao mmoja alivyoshauri. Sufi ni kizuizi kizuri cha joto ikiwa kavu. Ikilowa inakuwa tandiko bovu tu, na juu ya jipsamu ni uzito wa kuogopa.

Badala yake tulipigilia foili ya fedha chini ya papi, uso unaong'aa ukitazama chini kwenye nafasi ya hewa. Watu wengi huugeuzia juu, wakidhani wanarudisha jua. Miezi sita baadaye vumbi limeufunika na foili imekuwa karatasi. Ukitazama chini vumbi halilali. Foili hii haifanyi kazi kwa kuzuia joto kupita bali kwa kukataa kulimulika, kwa hiyo lazima mbele yake pawe na hewa. Ukiibana kati ya vitu viwili haina faida. Nikiri kwamba upande wa sentimita 40 mtu hakuweza kutambaa, theluthi moja ya dari imebaki bila foili. Rangi peke yake inaibeba.

Mwisho wa paa tulitoboa matundu kwenye kuta zile za kuficha, chini ya bati: ya kuingizia upande wa kaskazini mashariki, kaskazi inakotoka, na ya kutokea upande ulioelekeana nao, karibu zaidi na bati. Yote yakazibwa kwa wavu mgumu, maana popo na kunguru wa Dar hawasubiri mwaliko. Rangi na kazi yake haikufika nusu ya bei ya mashine aliyotaka kuinunua mama.

Siku ya tatu baada ya kumaliza, saa kumi alasiri, jua kali kama lile la mwanzo: dari ilisoma 33.

Blanketi la ngazini lilibadilishwa kwa kizuizi cha aluminiamu na kioo chenye mlango unaojifunga wenyewe. Lakini hilo lilileta swali jipya: joto la jikoni, ambalo zamani lilipanda hadi ukumbini, sasa litaishia wapi? Mwisho wa ngazi kulikuwa na dirisha la kioo chenye ukungu, la urembo. Tulilitoa tukaweka luva, vibao vya mlalo vinavyopitisha hewa, zinazobaki wazi. Ngazi ikawa dohani. Kijiti cha udi jikoni sasa kinapandisha moshi moja kwa moja mpaka lile dirisha, nje. Nisilizidishie sifa: dohani ya ghorofa mbili huvuta kwa nguvu pale ndani panapokuwa na joto kuliko nje, na mchana wa Februari tofauti ni ndogo. Siku ya upepo ndiyo inafanya kazi kwelikweli. Lakini mama anapika jioni, na jioni inatosha.

Kipande cha nje cha mashine tukakihamisha kutoka shimoni kwenda ukuta wa kaskazini, kwenye vyuma, chenye nafasi pande zote. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la mchana huku liko upande wa kusini, kwa hiyo ukuta wa kaskazini una kivuli karibu msimu wote wa joto. Kinaonekana toka barabarani. Baba alisitasita siku mbili kwa ajili ya sura ya nyumba, kisha akakubali. Nikawaachia sharti la kukimwagia maji baridi ya bomba kila mwezi, kwa sababu chumvi ya bahari hula mapezi ya koili.

Mashine mpya ilinunuliwa moja tu, ya inverta ya BTU 9,000, kwa chumba cha watoto, ili ile ya ukumbini isipoze ghorofa nzima usiku kucha kwa ajili ya watu wawili waliolala. Mama alitaka ya 12,000 "kwa usalama". Nilimkatalia. Mashine kubwa kuliko chumba hupoza upesi ikazima kabla haijakausha hewa, na chumba cha pwani chenye nyuzi 24 na unyevu tele ni chumba cha shuka zenye unyevu na kuvu kwenye kona.

Kwa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla: mashine ile ya zamani ilivuta kilowati 1.7 bila kupumzika, kwa muda wa saa kumi na moja kila usiku, uniti 18.7. Uniti moja ya matumizi ya nyumbani ni karibu shilingi 357 pamoja na makato. Inakuja shilingi 6,700 kwa usiku, laki mbili kwa mwezi, kwa kiyoyozi kimoja ambacho hakikumlaza mtu. Sasa ukumbi unapozwa saa chache za jioni, watoto wana ile inverta, pangaboi mbili zinazunguka, na jumla ya usiku ni uniti 8 hivi. Shilingi 2,900.

Katikati ya Machi umeme ulikatika saa tatu usiku, ukarudi saa kumi alfajiri. Nilisikia habari hiyo kwa mama mwenyewe, na ndiyo iliyonifurahisha kuliko hesabu ya LUKU: chumba cha watoto kilipanda kutoka 26 hadi 29, madirisha yalifunguliwa, na hakuna aliyehamia vigaeni.

Chumba cha kona ya kusini magharibi bado hakijapona. Kinapigwa jua kwa kuta mbili, na saa nne usiku ukuta wake wa magharibi ulikuwa bado 34 nilipoondoka. Mapazia mazito ya ndani walikwisha kuyajaribu. Yanazuia mwanga, lakini joto likishavuka kioo limeshaingia, pazia linalipasha chumba taratibu tu. Mwarobaini walioupanda upande huo unafika ghorofa ya kwanza, na itachukua miaka kufika ya pili. Kwa sasa tumefunga mapazia ya mianzi nje ya dirisha, na tumevuta nyaya kutoka balconi ya ghorofa ya kwanza hadi juu ya ukuta, sentimita 30 mbali na tofali ili hewa ipite nyuma. Bibi ndiye aliyechagua cha kupandisha: mpesheni, miche minne, ndani ya mapipa. Mvua za masika zimeianzisha vizuri. Nimepanga kurudi na kipimajoto wiki ya pili ya Oktoba, jua likipita tena utosini.